Gemu Isiyokukumbuka Si RPG

Najua nimepotea. Sababu ya kupotea kwangu ndiyo mada ya leo, kwa hivyo nivumilieni niwaeleze kidogo kabla hatujaingia kwenye hoja yenyewe.

Wale mnaonisoma tangu zamani mnajua kwamba mchana naandika programu zinazonilipia kodi ya nyumba, na usiku naandika gemu. Gemu hiyo ni RPG, yaani aina ile ya gemu ambapo mchezaji anavaa uhusika wa mtu fulani na kuishi maisha yake. Hadithi yake ni fupi. Nimeiweka katika enzi za mikuki na mazimwi. Kijana amekaa mbali na kwao miaka mingi, babake anafariki, naye anarudi nyumbani na kukuta watu wanagombania shamba. Nimeifanyia kazi miaka miwili. Ilikuwa na ngazi thelathini za kupanda, silaha arobaini na mbili, na ukurasa mzima wa takwimu za mhusika ambao mimi mwenyewe nilikuwa nikiufungua tu ili niutazame.

Shule zilipofungwa, mpwa wangu wa kidato cha pili akaja kututembelea. Nikamketisha mbele ya kompyuta, nikajifanya nasoma gazeti. Alicheza saa moja na nusu bila kuinuka, nami moyoni nikawa najipongeza. Alipomaliza akageuka.

"Anko, ni poa. Lakini nina swali. Hapo mwanzo uliniuliza kama mimi ni mwindaji, mganga au mfanyabiashara. Nikasema mganga. Kama ningesema mfanyabiashara, ni nini kingebadilika?"

Nikafungua mdomo nimjibu, nikaufunga. Nikafungua msimbo wa gemu na kutafuta neno "mganga". Lilitokea mara tatu. Mara ya kwanza ni pale anapochagua. Mara ya pili ni pale nguvu zake za mwanzo zinapohesabiwa. Mara ya tatu ni pale picha yake inapochorwa. Basi. Katika kijiji kizima cha watu ishirini na sita, hakuna hata mmoja aliyemwambia, "Afadhali umekuja, mtoto wangu ana homa."

"Sasa kwa nini uliniuliza?" akasema, kisha akaenda zake jikoni kutafuta chai.

Ndugu zangu, nimesikia lawama nyingi za wateja kazini, lakini hiyo ilinikaa. Miaka miwili! Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza: RPG ni nini hasa? Na kwa nini baadhi yake zinamwacha mtu ameshiba, na nyingine zinamwacha na njaa hata baada ya saa mia moja? Leo natoa jibu langu. Wengine mtanitupia mawe, lakini nitajitahidi kusimama.

Mchezo ulikotoka

Tuanze na jambo ambalo kila mtoto anajua. Mlipokuwa wadogo mlicheza mchezo wa baba na mama. Mmoja ni baba, mwingine ni mama, mdogo kuliko wote analazimishwa kuwa mtoto hata akikataa. Mnapika matope kwenye kifuniko cha mkebe. Hakuna alama, hakuna mshindi. Kinachoufanya uwe mchezo ni kwamba ukisema wewe ni baba, wengine wote wanakuchukulia hivyo. Wakianza kukusahau ("wewe si baba, wewe ni Kamau tu"), mchezo umekufa hapo hapo.

Mwaka 1974 huko Marekani, Gary Gygax na Dave Arneson walitoa mchezo wa mezani unaoitwa Dungeons & Dragons. Kabla yake kulikuwa na michezo ya vita ya mezani, ambapo mtu anasogeza vikosi vya askari wadogo na kuangalia nani atamshinda nani. Gygax mwenyewe alishiriki kuandika mmoja wa aina hiyo, Chainmail, mwaka 1971. Jambo jipya la 1974 ni kwamba mchezaji hakuongoza tena kikosi. Aliongoza mtu mmoja, mwenye jina na tabia. Mtu huyo alipewa sifa sita: nguvu, akili, hekima, wepesi, ustahimilivu na mvuto. Kila sifa ilipatikana kwa kurusha dadu tatu, kwa hivyo ilikuwa kati ya 3 na 18.

Sasa angalieni vizuri hapa, kwa sababu ndipo tatizo letu lilipozaliwa. Mezani kulikuwa na vitu viwili. Kulikuwa na hesabu: dadu, sifa, ngazi, alama za uzoefu. Na kulikuwa na mtu, msimamizi wa mchezo, ambaye kazi yake ilikuwa kusikiliza unachosema na kuamua dunia itakujibu vipi. Ukisema "namtukana mfalme", yeye anafikiria mfalme huyu ni wa namna gani, anakumbuka kwamba wiki iliyopita ulimwokoa bintiye, kisha anakujibu.

Gemu hizi zilipohamia kwenye kompyuta, kilichohama kwanza ni hesabu. Si ajabu. Kompyuta inajumlisha na kutoa bila kuchoka, lakini haiwezi kumfikiria mfalme. Basi tukachukua daftari la mahesabu, tukamwacha msimamizi nyuma. Na baada ya miaka mingi tukasahau kwamba daftari lilikuwa la kumsaidia yeye. Tukalifanya daftari kuwa ndilo mchezo.

Mimi pia nilifanya hivyo. Silaha arobaini na mbili!

Kama ni namba tu, kila kitu ni RPG

Ukimuuliza mchezaji wa kawaida RPG ni nini, atakwambia: kuna alama za uzoefu, unapanda ngazi, unaboresha vifaa. Jibu hilo lilikuwa na maana zamani. Siku hizi halina.

Mwaka 2007 ilitoka Call of Duty 4: Modern Warfare. Ni gemu ya kupiga risasi. Katika sehemu yake ya kucheza na wenzako mtandaoni, kila unapomwangusha adui unapata alama za uzoefu, unapanda ngazi, unafunguliwa bunduki mpya. Tangu hapo gemu za kila aina zimechukua mtindo huo: za mpira, za magari, hata za kupanga matunda kwenye simu. Programu za kujifunza lugha zinakupandisha ngazi pia. Kama kupanda ngazi ndiko kunakofanya RPG, basi hata programu ile inayohesabu hatua zako ukitembea kwenda stendi ni RPG.

Si kwamba nadharau namba. Namba zina utamu wake. Kuona kitu chako kinakua ni raha ya kweli, ni kama kutazama mahindi uliyopanda mwenyewe. Wapo wanaocheza Diablo II ya mwaka 2000 mpaka leo kwa ajili ya raha hiyo hiyo ya kupata upanga bora kuliko wa jana, na sina ugomvi nao. Lakini raha ya kukua na raha ya kuwa mtu ni raha mbili tofauti. Nasema tu kwamba jina RPG lilipewa hiyo ya pili.

Na namba zikiachwa zijitawale zinaweza hata kuua ile raha nyingine. Waliocheza Oblivion ya 2006 wanakumbuka. Ile ni gemu nzuri, dunia kubwa, misitu ya kupendeza. Lakini maadui wake wengi wanapanda ngazi pamoja nawe. Ukifika ngazi za juu, unakutana na mwizi wa barabarani amevaa siraha za thamani ambazo angeziuza na kustaafu. Yeye anakuzuia njiani akidai vipande vichache vya dhahabu! Kihesabu kila kitu kiko sawa, pambano lina uwiano. Lakini dunia imekuambia kwamba kukua kwako si kitu, kwa sababu kila mtu amekua nawe. Ni kama kupandishwa mshahara siku ile ile bei ya unga inapopanda kwa kiasi hicho hicho.

Maswali yangu matatu

Hii ndiyo fasili yangu. Gemu ni RPG ikiwa inafanya mambo matatu:

1. Inakuuliza wewe ni nani, kwa maneno au kwa vitendo.
2. Inakumbuka ulichojibu.
3. Jibu hilo linakugharimu kitu na kukupa kitu.

Gemu nyingi zinapita swali la kwanza na kuanguka la pili, kama ilivyoanguka yangu. Nyingine zinapita mawili na kuanguka la tatu. Zile chache zinazopita yote ndizo tunazozizungumzia miaka thelathini baadaye. Nitatoa mifano.

Ultima IV ya Richard Garriott ilitoka mwaka 1985. Haikuanza na kurusha dadu. Ilianza na mwanamke mtabiri anayekuuliza maswali ya maadili, kila mara akikulazimisha kuchagua kati ya mema mawili, kwa mfano uaminifu au huruma. Majibu yako ndiyo yaliyoamua utakuwa nani. Na lengo la gemu halikuwa kumuua jitu fulani mwishoni, bali kuwa mtu mwema katika fadhila nane. Kuna wauza dawa za mitishamba ambao ni vipofu. Unachukua dawa, kisha wewe mwenyewe unaweka malipo. Unaweza kuwapunja. Hakuna askari atakayekuja, hakuna king'ora. Lakini gemu imeona, na uaminifu wako unapungua kimya kimya. Kompyuta za enzi zile zilikuwa na kumbukumbu ndogo kuliko picha moja ya simu yako. Kwa hivyo msiniambie ni suala la teknolojia.

Fallout ya mwaka 1997 inakupa sifa saba na kukuacha uzigawe utakavyo. Mhusika anatoka katika handaki ambamo watu walijificha vita vya nyuklia, akiwa na siku 150 za kutafuta kifaa cha kusafishia maji ya watu wake. Ukimpa akili ndogo sana, hataweza kuzungumza. Atanguruma tu, na watu wengi hawatampa kazi yoyote. Milango inafungwa! Na ukimpa ulimi mzuri na ukatafuta ushahidi njiani, unaweza kufika kwa adui mkuu na kumthibitishia kwamba viumbe anaowaunda hawawezi kuzaa, kwa hivyo ndoto yake yote haina kesho. Anaelewa, anakata tamaa, anajiangamiza mwenyewe. Umemaliza vita vyenu wawili kwa hoja. Hapo ndipo nilipoelewa mara ya kwanza kwamba namba ya akili inaweza kuwa na maana kuliko "asilimia kumi zaidi ya madhara".

Disco Elysium ya 2019, iliyoandikwa na kundi la wasanii kutoka Estonia, haina mapigano ya kawaida kabisa. Wewe ni mpelelezi aliyelewa hadi akasahau jina lake. Una stadi ishirini na nne, na stadi hizo zinaongea nawe kichwani, zinabishana, nyingine zinakudanganya. Ukiwa umechagua mwili dhaifu, unaweza kufa kwa moyo kusimama ukijaribu kuchukua tai yako kwenye feni ya dari, dakika chache tu baada ya kuanza. Nilicheka mpaka nikaamsha watu. Lakini ilinifundisha jambo: gemu ile haiogopi wewe kushindwa. Mara nyingi kushindwa kunafungua maongezi ambayo aliyefaulu hatayaona. Gemu zetu nyingi zinachukulia kushindwa kama kosa la kufutwa. Pale ni sehemu ya nani umeamua kuwa.

"Lakini wewe hujui gharama yake"

Naijua. Mimi ndiye ninayeandika msimbo, tena peke yangu, tena usiku.

Tufanye hesabu pamoja. Ukiweka uamuzi mmoja wenye njia mbili, una hadithi mbili. Uamuzi wa pili, una nne. Wa tatu, nane. Ukifika uamuzi wa kumi, una njia 1,024. Hakuna mwandishi atakayeandika hadithi 1,024. Baldur's Gate 3 iliyotoka 2023, ambayo watu wanaitolea mfano kila siku, ilitengenezwa na studio ya Larian ya Ubelgiji kwa miaka kadhaa na mamia ya watu. Mimi nina kompyuta moja na mpwa mmoja.

Na hata wenye pesa hushindwa. Mfululizo wa Mass Effect ulitoka katika sehemu tatu: 2007, 2010 na 2012. Faili lako la sehemu ya kwanza lilibebwa hadi ya pili, na ya pili hadi ya tatu, kwa hivyo mtu uliyemwokoa miaka mitano nyuma angeweza kukutokea tena. Ilikuwa ahadi kubwa. Wengi walipofika mwisho wa sehemu ya tatu waliona kwamba maamuzi yao yote yamemwagwa kwenye chaguo chache zinazofanana, wakapiga kelele dunia nzima, mpaka nyongeza ya kuupanua mwisho ikatolewa bure mwaka huo huo wa 2012. Angalieni: hawakulalamika kwamba gemu ni mbovu. Walilalamika kwamba imewasahau.

Basi tufanyeje sisi wadogo? Hapa ndipo nataka kuwaonyesha kitu ambacho kimebadilisha kazi yangu.

Chrono Trigger ni gemu ya Kijapani ya mwaka 1995. Kuna watu wanaodai gemu za Kijapani si RPG za kweli kwa sababu mhusika umepewa tayari. Nitawajibu na gemu hii hii. Mwanzoni kuna sherehe kubwa mjini. Unagongana na msichana, mkufu wake unaanguka. Je, utaukimbilia mkufu kwanza au utamwangalia yeye kama ameumia? Kuna chakula cha mzee mmoja mezani. Unaweza kukila, gemu inakuruhusu, na hakuna anayesema neno. Kuna mtoto aliyepotelewa na paka. Unaweza kumsaidia au kupita. Ni mambo madogo, unayafanya bila kufikiri.

Saa kadhaa baadaye unashtakiwa mahakamani. Na mwendesha mashtaka anaanza kuita mashahidi. Yule mzee anasimama kueleza kuhusu chakula chake. Yule mtoto anakutetea kuhusu paka, kama ulimsaidia. Mambo yote uliyoyafanya ukidhani hakuna anayekuangalia yanasomwa mbele ya watu, na wazee wa baraza wanapiga kura mmoja mmoja.

Mkono wangu ulitoka jasho. Lakini subirini, kuna siri. Ukishinda kesi au ukishindwa, unaishia gerezani. Hadithi inarudi kwenye njia ile ile! Waandishi hawakuandika gemu mbili. Waliandika visanduku vichache vya kumbukumbu, kila kimoja na ndiyo au hapana ndani yake, na chumba kimoja ambamo visanduku vyote vinafunguliwa kwa pamoja.

Kwa lugha ya kazi yetu, hiyo ni kazi ya alasiri moja. Na bado watu wanaizungumzia baada ya miaka thelathini.

Kwa hivyo kinachotushibisha si wingi wa njia. Ni kushuhudiwa. Mtu hahitaji dunia nzima igeuke kwa sababu yake. Anahitaji ithibitishe kwamba ilimwona. Bora maamuzi matano yanayokumbukwa kuliko mia moja yanayosahaulika mara tu unapobonyeza kitufe.

Na kuhusu mhusika aliyepewa tayari: hata katika mchezo wa baba na mama hukujichagulia kila kitu. Ulipewa "mtoto", lakini ukawa mtoto mkaidi au mtoto msikivu. Katika The Witcher 3 ya 2015 huwezi kuwa mwingine ila Geralt, muuaji wa mazimwi mwenye nywele nyeupe. Lakini Geralt wa namna gani? Hilo ni lako. Kupewa jina hakukunyimi uhusika.

Neno kuhusu kuhifadhi na kurudia

Kuna adui mmoja ambaye hatumtaji sana. Ni sisi wenyewe, na kitufe cha kuhifadhi.

Unafika kwenye uamuzi mzito, unahifadhi. Unachagua. Matokeo hayakupendezi, unarudi nyuma, unachagua tena. Nimefanya hivyo mara nyingi kuliko ninavyotaka kukiri. Ukifanya hivyo huchezi tena uhusika, unasahihisha mtihani ukiwa na majibu mkononi.

Nilijifunza hili kwa njia ngumu. Miaka ile nikicheza Fallout kwenye kompyuta ya mitumba isiyo na betri, nilikuwa nimejaribu kupatanisha pande mbili, nikaharibu, mtu niliyempenda akafa. Nikarudi nyuma, nikapanga upya, akapona. Nikafurahi. Kisha stima ikapotea kabla sijahifadhi. Iliporudi nikajikuta kwenye faili la kabla ya yote. Sikuwa na moyo wa kupanga tena. Nikacheza mara moja tu, nikaharibu vile vile, nikamwacha afe, nikasonga mbele. Mpaka leo, katika gemu ile yote, huyo ndiye ninayemkumbuka. Yule niliyemwokoa kwa hila nimeshasahau hata nilimwokoaje.

Sisemi tuwanyime wachezaji haki ya kuhifadhi, hasa huku kwetu ambako stima haina adabu. Nasema tutenganishe mambo mawili. Hifadhi maendeleo ya mtu muda wote, hata kila dakika, asipoteze kazi yake. Lakini tunaweza kuchelewesha matokeo. Mzee wa Chrono Trigger hakulalamika pale pale. Alingoja. Ukifika mahakamani, sherehe iko mbali sana nyuma, na hakuna atakayerudia saa kadhaa kwa ajili ya sahani ya chakula. Matokeo yanayochelewa hayakwepeki, na pia ndivyo maisha yalivyo.

Nimefanya nini na gemu yangu

Nimefuta. Ilikuwa ngumu kama kuchinja ng'ombe uliyemlea, lakini nimefuta. Silaha zimebaki sita. Ngazi thelathini zimekuwa tano. Ule ukurasa mzuri wa takwimu umeondoka. Nimeuhifadhi nakala mahali, nisiwadanganye, lakini kwenye gemu haupo. Nafasi yake nimeweka faili moja fupi lenye visanduku kumi na moja. Kila kisanduku kinajibu swali moja kuhusu mtu huyu ni nani.

Mganga sasa anaitwa usiku kumtazama mtoto mwenye homa, na akikataa, mama yule hatamsahau. Mfanyabiashara haamshwi na mtu usiku, lakini wanakijiji wanaficha bei za vitu anapopita. Mwindaji anaogopwa na watoto. Si mambo makubwa. Ni mistari michache ya maneno.

Na kuna bibi. Bibi anakaa kwenye kigoda mlangoni mwa boma, mwanzo kabisa wa gemu. Nyuma yake kuna sanduku lenye mkuki wa marehemu baba. Unaweza kumsalimia bibi, au unaweza kumpita na kwenda kwenye sanduku. Ukimpita hakuna kinachotokea. Hasemi kitu. Mkuki ni wako.

Mwisho wa gemu ni baraza la wazee kuhusu shamba. Kila upande unaleta mashahidi. Mzee mkuu anamgeukia bibi na kumuuliza kama anamjua kijana huyu aliyesimama hapa.

Shule hazijafunguliwa bado, kwa hivyo Jumapili nilimketisha tena mpwa wangu. Kama nilivyotarajia, alimpita bibi. Vijana wote wanalikimbilia sanduku. Mimi mwenyewe ningelikimbilia. Akacheza, akamtibu mtoto, akapigana na zimwi la mtoni, akafika barazani akiwa na furaha, ana uhakika shamba ni lake.

Bibi akasema: "Aliingia nyumbani siku moja na kuchukua mkuki. Sauti yake sijawahi kuisikia."

Mpwa wangu akaacha kipanya. Akanyamaza muda kidogo.

"Kumbe alikuwa ananiona?"

"Alikuwa mlangoni," nikamjibu.

Akauliza kama anaweza kuanza upya. Nikamwambia anaweza, lakini amalize hili kwanza. Alishindwa kesi. Akapewa nusu ya shamba badala ya lote, kwa huruma ya yule mama ambaye mtoto wake alimtibu. Alikasirika kidogo. Kisha, akiwa ameshaamka kwenda zake, akageuka mlangoni na kuniuliza yule bibi anaitwa nani.

Nilikuwa sijampa jina. Nimempa usiku huo huo.

Haya, hiyo ndiyo hoja yangu. Kama unatengeneza gemu, acha kuhesabu silaha, hesabu ni watu wangapi ndani yake wanaomkumbuka mchezaji. Kama unacheza, jaribu mara moja kutorudi nyuma. Na kama unapinga, njoo na mfano, tubishane kama kawaida yetu. Mimi narudi kazini, kuna visanduku viwili bado havina mtu wa kuvifungua.